Mpango wa Mungu na Mikono ya Pilato



Yako mafundisho yanayozunguka katika parokia zetu ambayo hayakutoka kwa Mitume, wala hakuna Askofu aliyeyatia sahihi. Yanasema hivi: Yesu alisulubiwa kwa sababu Mungu alitaka asulubiwe; basi na wewe unayeteswa, unateswa kwa sababu Mungu ametaka; nyamaza, ubebe msalaba wako, thawabu yako iko mbinguni. Mafundisho haya husikika zaidi misibani na katika mabaraza ya kusuluhisha ndoa. Husikika vinywani mwa waamini wema wasio na hila, na hao siwalaumu, kwani mtu aliyefiwa hushika neno lolote lililo karibu naye. Lakini husikika pia vinywani mwa watu wanaofaidika nayo, na wapo mapadre na makatekista walioyapandisha hadi mimbarini. Makala hii imeandikwa kuyapinga.

Tutazame yanavyofanya kazi. Mwanamke anayepigwa na mumewe afikapo kwa wazee wa Jumuiya huambiwa avumilie, kwani ndoa ni msalaba. Mkulima wa pamba aliyepunjwa kwa mizani iliyochezewa huambiwa kwamba maskini ni wateule wa Mungu. Mama aliyefia katika uzazi, kwa sababu dawa za zahanati zilitoka kwa mlango wa nyuma, huzikwa kwa maneno ya Ayubu juu ya Bwana mwenye kutoa na kutwaa. Na tumejua misiba mikubwa zaidi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka katika ziwa hilohilo, karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Mtu anayesimama mbele ya makaburi hayo akasema kwamba siku zao zilikuwa zimefika, amemtwika Mungu hesabu ambayo ilipaswa kufanywa na mkata tiketi.

Nimetaja maneno ya Ayubu, na hayo nayo yatendewe haki. Ayubu aliyasema mwenyewe, juu ya hasara yake mwenyewe. Sura ileile ya kwanza inatuarifu kwamba ng'ombe wake waliporwa na Waseba, na ngamia wake na Wakaldayo. Hatusomi popote kwamba Waseba walirudi msibani kwa Ayubu, ng'ombe wake wakiwa nyuma yao, wakaketi na kumfariji kwa maneno hayo.

Sasa tuje kwenye msalaba wa Bwana wetu, maana kosa linaanzia hapo. Ni kweli, na ni imani ya Kanisa, kwamba mateso ya Kristo hayakutokea kwa bahati mbaya. Asiyekiri hilo amekwisha kuacha Injili. Mtume Petro, siku ya Pentekoste, alisema waziwazi mbele ya watu wa Yerusalemu kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa tangu mwanzo (Mdo 2:23). Lakini tusome mstari huo mpaka mwisho wake. Katika sentensi hiyohiyo, bila hata kuvuta pumzi, Petro anasema kwamba waliomwua walimwua kwa mikono ya watu waovu. Anashika mambo mawili kwa pamoja: shauri la Mungu na uovu wa mikono. Hasemi kwamba kwa kuwa Mungu alikusudia, mikono ile ilikuwa safi. Na wasikilizaji wake walipochomwa mioyo, wakauliza wafanye nini, hakuwaambia waende kwa amani kwa sababu walitimiza mpango. Aliwaambia watubu.

Bwana mwenyewe alikuwa amekwisha kufundisha vivyo hivyo. Katika karamu ya mwisho alisema kwamba Mwana wa Adamu anakwenda kama alivyoandikiwa, na papo hapo akatamka ole juu ya yule atakayemsaliti (Mt 26:24). Mbele ya Pilato alikiri kwamba mamlaka ya liwali yule yalitoka juu. Lakini hakuondoa dhambi yake, alipima tu dhambi ipi ni kubwa zaidi (Yn 19:11). Na muda mrefu kabla ya hapo, Yusufu, aliyeuzwa Misri na ndugu zake, aliwaambia kwamba wao walikusudia mabaya na Mungu akayageuza kuwa mema (Mwa 50:20). Hakuwaambia kwamba biashara ya kumwuza ndugu ilikuwa njema.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo mapya ya mapadre wa siku hizi wanaopenda siasa. Basi tuwaendee wazee. Mtakatifu Anselmo, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimaliza mwaka 1098 kitabu kinachouliza kwa nini Mungu alifanyika mtu. Wengi humlaumu kwamba yeye ndiye aliyemfanya Mungu aonekane kama mdai mkali asiyesamehe mpaka aone damu, na walio wengi kati ya hao wanaomlaumu hawajamsoma. Katika sehemu ya kwanza ya kitabu hicho anaeleza kwamba Baba hakumlazimisha asiye na hatia afe. Utii ambao Baba aliudai kwa Mwana ulikuwa utii wa kushika haki; na Mwana aliishika haki kwa uthabiti kiasi kwamba kifo kilimjia kutokana na hilo. Ndugu zangu, maneno haya yasomwe mara mbili. Utii wa Kristo haukuwa kutafuta kufa. Ulikuwa kukataa kuiacha haki hata pale gharama yake ilipokuwa kifo.

Baada yake, katika karne ya 13, alikuja Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Sisi tuliopita seminarini tulifundishwa kumwendea kila panapotokea fundo, na fundo hili alilifungua vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Anauliza: Je, Baba alimtoa Mwanawe ateswe? Anajibu ndiyo, na anaonesha kwa namna gani: Baba alikusudia tangu milele kuwakomboa watu kwa njia hiyo, alimjaza Mwana upendo wa kutaka kuteseka kwa ajili yetu, na hakumkinga na watesi wake. Kisha anakumbana na ugumu ambao kila Mkristo mwenye akili hukumbana nao. Ikiwa Baba alimtoa Kristo, na Yuda naye alimtoa Kristo, na Pilato naye alimtoa, kuna tofauti gani kati yao? Tomaso anajibu kwamba tendo hupimwa kwa mzizi wake. Baba alimtoa kwa upendo, na Kristo alijitoa kwa upendo. Yuda alimtoa kwa tamaa ya fedha, wakuu kwa wivu, na Pilato kwa woga wa kidunia, maana alimwogopa Kaisari.

Tamaa, wivu, woga wa mkubwa. Hii si orodha ya dhambi za kale. Ofisi gani ya wilaya, soko gani, familia gani isiyoijua? Na hapa ndipo penye kiini cha ninalotaka kusema. Tunakiri pamoja na Mtume Paulo kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu (1 Kor 15:3). Mara nyingi tunazifikiria dhambi hizo kama deni lililoandikwa katika daftari fulani mbinguni, mbali na Yerusalemu, na msalaba kama malipo yaliyopelekwa huko. Lakini dhambi ambazo Kristo alikufa kwa ajili yake ndizo zilezile zilizomwua. Tamaa ilimpokea Yuda vipande thelathini vya fedha. Wivu ulitafuta mashahidi wa uongo. Woga uliandika hukumu na kunawa mikono. Mwili wake ulibeba dhambi ya ulimwengu kwa namna iliyoonekana kwa macho, katika majeraha yaliyohesabika, na hakuirudisha kwa waliomtenda. Aliipokea, akaisamehe, ikafia kwake. Huo ndio ukombozi. Sasa, mtu atawezaje kumshukuru Kristo kwa kumkomboa katika dhambi hizo, na papo hapo kuzibariki zinapomwangukia jirani yake, akiziita mapenzi ya Mungu?

Yafaa pia tukumbuke msalaba ulikuwa kitu gani. Sisi tumeuzoea ukiwa wa fedha au dhahabu, umening'inia kifuani. Katika dola ya Kirumi ulikuwa adhabu ya watumwa, ya waasi na ya watu wasio na mtetezi. Maasi ya watumwa yaliyoongozwa na Spartacus yalipokomeshwa mwaka 71 kabla ya Kristo, watu wapatao 6,000 walitundikwa kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma. Mwanahistoria Myahudi Yosefu anasimulia kwamba baada ya kifo cha Mfalme Herode, mwaka 4 kabla ya Kristo, liwali Varus aliwasulubisha Wayahudi wapatao 2,000 waliokuwa wameasi. Hiyo ilikuwa karibu sana na miaka ya kuzaliwa kwa Bwana wetu. Watu wazima wa Galilaya aliokua kati yao walilijua jambo hilo bila kufundishwa. Mungu hakuubuni msalaba. Aliukuta umekwisha kusimikwa, una mafundi wake, una bajeti yake, una maofisa wake, na Mwana akaingia katika ulimwengu wenye chombo hicho akiwa upande wa wale ambao chombo kiliwasubiri.

Mtazameni Kayafa. Katika kikao cha Baraza alitoa hoja kwamba yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu, kuliko taifa zima liangamie (Yn 11:50). Mwinjili anasema kwamba bila kujua alikuwa akitoa unabii. Kweli Yesu angekufa kwa ajili ya taifa, na kwa ajili ya watoto wote wa Mungu waliotawanyika. Mungu alilichukua neno la Kayafa akalitia maana ambayo Kayafa hakuiota. Lakini ni Kanisa gani lililopata kumweka Kayafa katika orodha ya watakatifu? Hoja yake bado ni hai. Heri kaya chache zihame bila fidia, mradi upite. Heri wavuvi wachache wapigwe, utulivu udumu. Heri kijana huyu mmoja akae rumande asikosumbua. Wanaotoa hoja hiyo daima huhesabu wakiwa wamesimama upande wa taifa, na yule mmoja huwa ni mtu mwingine. Kristo peke yake ndiye aliyeitoa hoja hiyo juu ya nafsi yake, kwa hiari yake. Hapo sura yake ikageuka kabisa, ikawa sadaka.

Niseme neno fupi hapa, ili nisieleweke vibaya. Kutaja makosa ya wakuu wa wakati ule hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kuwachukia Wayahudi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulifundisha kwamba yaliyotendwa katika mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakwenda mbali zaidi: lawama nzito zaidi inatuangukia sisi Wakristo tunaoendelea kutenda dhambi huku tukimjua Kristo. Waliomtwika Wayahudi msalaba wote walikuwa wakikwepa sehemu yao wenyewe.

Nichukue mfano mmoja wa karibu, wa lugha yetu hii. Mjini Goma, mpakani mwa Kongo na Rwanda, alikuwapo kijana aliyeitwa Floribert Bwana Chui. Alikuwa amesoma sheria, alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio iliyowahudumia watoto wa mitaani, na aliajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Ulifika mchele ulioharibika. Alipewa rushwa ili aupitishe, akakataa, kwa sababu watu wangeula. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri na mfiadini, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma.

Mungu alitaka nini kwa Floribert? Alitaka watu wa Goma wasile sumu. Alitaka mtumishi wake ashike haki, na mtumishi akaishika, kama Anselmo alivyosema juu ya Bwana wake, hata kifo kikamjia. Mauaji yalitoka kwingine: yalitoka katika faida ya mchele. Kanisa limeheshimu kukataa kwake. Halikuwashukuru waliomteka kwa kutupatia Mwenye Heri. Na laiti mhubiri mmoja angesimama kwenye maziko yake na kutangaza kwamba huo ndio ulikuwa mpango wa Mungu, basi, tusisite kusema, wenye mchele wangeitikia Amina kwa sauti kuliko wote.

Najua pingamizi linalokuja. Je, Bwana hakutuamuru tubebe msalaba? Ndiyo, alituamuru, na amri hiyo haijafutwa. Mkristo asiyetaka kubeba chochote na atafute bwana mwingine. Lakini tumsikilize vema. Luka anaandika kwamba anayetaka kumfuata ajitwike msalaba wake mwenyewe, kila siku (Lk 9:23). Anajitwika. Katika Injili zote nimemkuta mtu mmoja tu anayetwishwa msalaba na wengine kwa nguvu, naye ni Simoni wa Kirene. Na waliomtwisha ni askari (Mk 15:21). Anayemwambia mke aliyevunjwa mkono kwamba huo ni msalaba wake, ajiulize anafanya kazi ya nani katika simulizi hilo. Mwanamke yule anaweza kusamehe. Anaweza hata kuunganisha maumivu yake na mateso ya Kristo, kama Papa Yohane Paulo II alivyofundisha mwaka 1984 katika barua yake juu ya mateso ya binadamu, Salvifici Doloris. Lakini barua hiyohiyo inamalizia kwa kumweka mbele yetu Msamaria Mwema, aliyesimama, akashuka, akafunga jeraha, akalipa gharama. Msamaria hakumhutubia majeruhi juu ya thamani ya mateso.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, kwa ndugu zetu wanaharakati. Wao husema: basi Yesu alikuwa shujaa mmojawapo aliyeuawa na dola, na hayo mengine ya sadaka na ondoleo la dhambi ni mapambo ya mapadre. Hapana. Shujaa aliyekufa hawezi kumsamehe muuaji wake kwa niaba ya Mungu, wala hawezi kumpa mwizi aliye kando yake nafasi Paradisini. Tukiuondoa upendo wa Baba na hiari ya Mwana, kinachobaki ni maiti mmoja zaidi kati ya wale 2,000 wa Varus, na waliodhulumiwa hawana cha kutumainia ila zamu yao ya kushika nyundo. Ni kwa sababu aliyetundikwa pale alikuwa Mwana wa Mungu kwamba neno la mwisho halikubaki kwa Pilato.

Na neno hilo la mwisho lilitamkwa. Alfajiri ya siku ya tatu Baba aliitengua hukumu ya liwali. Watu wengi huuhubiri ufufuko kama faraja tu, kama chai ya moto baada ya maziko. Petro aliuhubiri kama uamuzi wa mahakama ya juu: ninyi mlimwua, Mungu akamfufua. Kama kusulubiwa kungekuwa jambo jema lenyewe, pasingekuwa na la kutengua. Ndiyo maana Kanisa, katika Kanuni ya Imani inayosomwa kila Dominika, limemweka Pilato kwa jina lake. Baada ya Yesu na Mama yake hakuna mwanadamu mwingine anayetajwa humo. Tunazaliwa, tunabatizwa, tunazikwa tukilitaja jina la ofisa mmoja wa serikali, ili mtu asije akadhani kwamba Bwana wetu alikufa kwa homa.

Mathayo anaongeza jambo ambalo ni nadra kuhubiriwa. Asubuhi ileile, askari waliolinda kaburi walileta taarifa, na wakuu wakawapa fedha nyingi ili wabadilishe taarifa hiyo, waseme kwamba mwili uliibwa wakiwa wamelala (Mt 28:11-15). Injili ina umri wa saa chache tu, na tayari kuna bahasha, kuna taarifa rasmi, na kuna ahadi kwamba liwali akisikia atatulizwa.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, mnapofanya Njia ya Msalaba katika Kwaresima hii, kwenye kituo cha kwanza msikimbilie wimbo. Someni hukumu ya Pilato, kisha mzungumze ni nani amehukumiwa hivyo katika kijiji au mtaa wenu mwaka huu, na kwa woga wa nani. Wenye kuhubiri misibani, pale ambapo mtu amekufa kwa sababu ya wizi wa dawa, chombo kilichojazwa kupita kiasi, kipigo au rushwa, msitumie neno mpango wa Mungu kabla hamjayataja hayo. Kamati ya Haki na Amani ya parokia iandike jina la marehemu, tarehe, mahali na chanzo kama kilivyoelezwa na walioshuhudia, isome maandishi hayo mbele ya familia ili wayasahihishe, iweke nakala moja parokiani na nyingine iifikishe ofisi ya Tume jimboni kabla ya arobaini.